Kamba Yako Imefika Busia

Mwalimu Kenji,

Tumewafunga Busia! Moja bila. Naanza na hilo, salamu zitafuata, maana wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa kuuliza matokeo kabla hata ya kuvua kofia. Kikombe kiko hapa kwangu Nagongera. Mke wangu amekisugua mara mbili tangu asubuhi, na watoto wanakinywea maji kwa zamu.

Sisi hatujambo. Tangu tukuzike pale karibu na baba yangu, mama amekufanya mtu wa nyumbani kabisa. Hupalilia makaburi yote mawili siku moja, na akikuta magugu kwako anagomba kana kwamba umeyapanda wewe. Ndugu zako wameandika tena kutoka Japani wakiomba picha ya mahali ulipolala. Nitawatumia, pamoja na ya timu.

Sasa nikuambie lile ambalo sikuweza kukuambia kaburini, kwa sababu nilikuonea haya.

Siku ile hospitalini, homa imekubana, ulinishika mkono ukasema, "Othieno, wewe kocha sasa." Nikadhani ni kazi ya kupanga majina kumi na moja. Hata matanga hayajaisha, meneja wa kiwanda chetu akaniita ofisini. Nilete kikombe cha mpakani mwaka huu, au timu ivunjwe na lori linalotupeleka mechini libaki la kubeba magunia tu. Timu ile ndiyo kitu pekee ulichoniachia.

Na wachezaji walikuwa wamekata tamaa, Mwalimu, kwa sababu ya kule kuinama kwako. Kabla ya kila mchezo ulisimama kwenye mstari, ukavua kofia, ukauinamia uwanja. Watu wa Busia wakakata shauri kwamba unatega dawa, na kwamba nyingine umeifukia getini. Tangu hapo wakawa hawapiti getini tukicheza nao, wanaruka ua, na yule nahodha wao akachana kaptula mbele ya wake za watu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilipokuuliza unafanya nini pale, ulinijibu kwa Kiswahili chako cha kiwandani, "Hapana dawa. Asante tu."

Nilisikia mimi peke yangu, na nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu. Nilifurahi kuona Busia wanaogopa, kumbe na vijana wetu wanaamini. Miaka minne mfululizo Busia walitupiga, lakini wetu walisema bila dawa ya Mjapani tungefungwa kumi. Ulipofariki, Wandera, golikipa wetu wa Buteba, alikuja kwangu akilia: "Kocha, dawa imekwenda na Mjapani. Sisi tunabaki na nini?"

Unajua nilifanya nini? Nilijaribu kuinama mimi! Tulipocheza na Malaba mchezo wa kirafiki nikavua kofia, nikainama mpaka kiuno kikalia. Tukafungwa tatu. Wandera akanitazama kwa huruma: "Wewe hapana jua maneno yake." Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu yake nikawakalisha chini, nikawaambia ukweli wote, pamoja na aibu yangu. Kisha nikatoa kamba yako ya katani. Niliwakumbusha kwamba ulikuwa beki wa timu ya kiwanda huko kwenu mpaka goti lilipoharibika, na kwamba ulikuja Tororo kutengeneza mashine, si kucheza. Lakini ulicheza, misimu miwili, upande wangu wa kushoto, ukichechemea, hadi goti likakataa kabisa ndipo ukashika filimbi ya ukocha. Ni nani kati yao hakufungwa kamba ile kiunoni? Mabeki wanne, hatua nne kati ya mtu na mtu, mmoja akisogea wote wanasogea, atakayechelewa anaburutwa. "Kamba hapana danganya," ndivyo ulivyotuambia kila jioni. Wiki sita niliwafunga, mpaka viuno vikaota sugu, nasi tukafika fainali.

Siku ya fainali mvua ilitushukia. Lori likakwama Buteba, tukalisukuma, tukafika Busia tumepakwa matope hadi kwenye nyusi. Uwanja ulifurika. Tukapitia getini. Busia, ingawa wanajua umekufa, wakaruka ua vilevile! Halafu wote wakangoja kuniona nikiinama. Wandera naye alinitazama. Sikuinama. Nikawafunga mabeki wangu kamba mbele ya umati wote, nikawakimbiza huku na huku. Watu walicheka, we! "Tazama, wamefungwa kama mbuzi wa mnada!" Niliwaacha wacheke.

Opio alitupatia bao kwa kichwa, kona ya kwanza tu ya kipindi cha pili. Baada ya hapo ikawa kazi ya mabeki, na Mwalimu, laiti ungeona. Dakika za mwisho mpira ukapigwa nyuma yetu, na senta-fowadi wao tayari anakunja mguu. Lakini wanne wetu walikuwa wameshapanda mbele, mguu mmoja, bila mtu kupiga kelele, kana kwamba kamba bado iko viunoni. Kibendera kikapanda. Ameotea! Na mshika kibendera ni mtu wa Busia hukohuko. Nililia palepale kabla mpira haujaisha, wala sioni haya.

Filimbi ya mwisho ilipolia watu walikimbilia kikombe. Mimi nilikwenda kwenye mstari, nikavua kofia, nikainama, sasa nikijua kwa nini. Nilipofumbua macho nikaona viatu vya Wandera kando yangu, kisha vya wengine wote. Tuliinama sote, matope yanatudondoka usoni. Nahodha wao, yule wa kaptula, akaja polepole, akasimama mbali kidogo, akaniuliza kwa woga tumetumia dawa gani leo. Nikamjibu, "Hapana dawa. Asante tu." Akanipa mkono. Kisha akatoka uwanjani kwa kupitia getini.

Meneja amesema timu inabaki. Lori ni letu kila Jumapili.

Jumapili ijayo tutakuja wote kukuona, na mama ameshachagua kuku. Ninakuahidi hivi: tushinde au tupigwe, nitainama baada ya kila mchezo, na kila kijana atakayevaa jezi yetu nitamwambia sababu siku ya kwanza. Sitanyamaza tena.

Lala, Mwalimu wangu. Upande wa kushoto bado ni wako. Nikisogea huku, najua nawe unasogea.

Othieno,
beki wako wa kati