Kwapa Langu, Kiti Changu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila huruma yako baki nayo, mimi ni kinyozi wa miaka arobaini na mbili, shule niliiacha darasa la tano na hesabu ninayoijua ni ya vichwa, na ikifika Jumamosi mwanangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika mashine, anataka kunitoa kwenye kiti changu cha dirishani anikalishe mlangoni nikaribishe watu kama zulia.

Kisa ni kwapa. Nilisikia redioni kwamba dawa za kwapa za kupuliza zina alumini inayoleta saratani, nikatupa chupa, nikarudi kwenye vitu vya Mungu, kila asubuhi nanyoa kwapa kwa wembe mpya, nakamua ndimu humo, napaka magadi ya kuokea, namalizia na lile jiwe la shabu tunalowapaka wateja wakikatika kidevu, na wiki ya kwanza nilijiona bwana harusi, ya pili kukawaka moto, sasa natembea nimetanua mikono kama jogoo anayetafuta ugomvi na jasho limerudi na hasira, na kinyozi akiinua mkono unajua kwapa linatua wapi, puani kwa mteja. Juzi mteja wangu wa zamani, mwalimu mstaafu, aliomba dirisha lifunguliwe, nikamwambia liko wazi tangu asubuhi. Mwanangu akanivuta nyuma ya pazia.

“Baba, watu wanakuja kunyolewa, siyo kufukizwa.”

Mama yake alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi kiti sihami na kwenye chupa sirudi. Niambie tu niongeze nini kwenye ndimu. Kuna na kijivimbe kulia, hicho hakina neno.

Kinyozi Asiyehama

*

Shikamoo baba, pokea salamu mapema maana sasa nakusema. Mteja ukimaliza kumnyoa kidevu, ungemkamulia ndimu? Angekukimbiza na taulo shingoni. Ngozi iliyopitiwa wembe ni kidonda kisichoonekana, unalijua hilo kuliko mimi, halafu kwapa lako umelitia viungo kama nyama. Cha asili siyo lazima kiwe cha upole. Upupu nao ni wa asili. Na hilo jiwe la shabu lina alumini ile ile uliyoikimbia. Umeruka mkojo, methali imalizie mwenyewe. Kuhusu saratani, wataalamu wamechunguza miaka mingi na hawajathibitisha kwamba dawa ya kwapa inaileta.

Kijivimbe umekificha mwisho wa barua kama mtoto anayeficha ripoti ya shule. Kesho, kabla hujafungua duka, kipeleke zahanati. Huenda ni kipele cha wembe tu, lakini wa kusema hivyo ni daktari, siyo mimi wala redio.

Wembe, ndimu, magadi na shabu, vyote chini mpaka ngozi ipone. Oga asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, jikaushe vizuri, vaa shati la pamba na mchana ubadilishe lingine. Ukishapona, dawa zisizo na alumini zipo. Jaribu kwanza kidogo mkononi.

Jumamosi kaa mlangoni, baba, lakini mashine yako iwe mapajani, kila anayeingia ajue kiti kina mwenyewe. Siku ukirudi dirishani, wa kwanza kukalia awe mwanao. Inua mkono juu ya pua yake, na umnyoe polepole.