Bakuli la Pili kwenye Meza ya Baba

Yeongju, nyumbani kwa Mama

Kwako Dada Gwi-im,

Pokea salamu zangu na za wote walio chini ya paa hili. Natumaini goti lako sasa linakuruhusu kupanda ngazi, na shemeji bado anabishana na televisheni kama kawaida yake. Huku Mama ni mzima. Anakula, analala, na anamkaripia kila anayepita mbele yake. Mimi ndiye nisiyelala. Naandika usiku wa manane, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Unajua tupo hapa tunapiga picha za filamu yangu. Ulikataa kuja. Ulisema kwenye simu kwamba hadithi iliyokwisha kutuaibisha kitabuni haina haja ya kuota miguu na kutembea mjini. Ndiyo, ni hadithi ileile niliyoiandika nikiwa kijana: msichana ambaye kila siku yake ya kuzaliwa baba humchukua dada mtu kwenda naye kwa baba mkubwa, yeye akaachwa nyumbani. Mwaka mmoja mama anampikia kwa siri supu ya mwani, kama anavyopikiwa siku hiyo kila mtoto wa nchi hii. Baba anarudi, ananusa, anainyakua sufuria na kuimwaga uani. Wasomaji walilia. Juu ya sufuria ile nimejenga kila makala niliyowahi kuandika dhidi ya wanaume wanaomwona mtoto wa kike kuwa hasara. Na kwa sababu hiyohiyo sijakanyaga kwenye tambiko la Baba la kila mwaka tangu tulipomzika. Nilisema siwezi kwenda kuona wanawake wakiunguzwa na mafuta jikoni tangu asubuhi ili wanaume wapige magoti kidogo na kuanza kunywa.

Sasa sikiliza. Juzi tulipiga tukio la tambiko. Vijana walipanga meza kwa kuangalia picha kwenye simu, na Bibi Tak, yule mwigizaji anayemwigiza Mama, alikwisha kuvaa na kukaa tayari. Dong-gyu mpiga picha akawasha kamera. Hapo Mama akatoka jikoni na aproni yake, akasimama katikati ya kila kitu.

Akauliza ni nani aliyewafundisha ujinga ule. Samaki kichwa kimegeuzwa magharibi, je, marehemu ale mkia? Matofaa yamekaa upande wa mapea, mapea upande wa matofaa, hii ni meza au ni soko? Kisha akamwambia Bibi Tak, “Wewe mimi, hebu sogea.” Kila mtu akacheka, na Bibi Tak akasogea upesi kama mkwe mpya. Nilimpa Dong-gyu ishara asizime. Nani angezima? Nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba nimepata bure kitu ambacho matajiri wa sinema hawawezi kukinunua.

Mama akapakua bakuli la wali na bakuli la supu ya figili, akaweka kijiko na vijiti. Kisha akapakua bakuli la pili la wali, na supu ya pili, na kijiko cha pili, akaviweka pembeni mwa vile vya kwanza.

Nilimtania. Nilimwambia, “Mama, unajipakulia na wafu? Subiri kwanza ufe.”

Akasema, bila hata kugeuka, “Hilo si langu.”

Dada, hata mtoto wa hapa anajua. Siku ya tambiko la mume, anayeandaliwa pamoja naye ni mkewe aliyetangulia kufa. Si mgeni, si jirani. Nikauliza mke yupi. Mama akajifuta mikono, akasema, “Ungekuja hata mara moja tu ungeliona mwenyewe. Gwi-im huliweka kila mwaka.”

Huliweka kila mwaka! Wewe!

Alinivuta jikoni akanieleza yote huku anakata vitunguu, kana kwamba ananisimulia bei ya kabichi. Kwamba aliyetuzaa sisi wawili alifariki siku niliyozaliwa mimi. Kwamba Bibi yetu alikwisha kumtelekea mzazi supu ya mwani, ikawa inachemka jikoni, na mzazi akafa kabla ya kuionja. Kwamba tangu siku ile Baba hakuweza kustahimili harufu yake. Kwamba siku yangu ya kuzaliwa ndiyo siku ya tambiko lake yule mama, lililofanyiwa kwa baba mkubwa, na Baba alikuchukua wewe kwa sababu wewe ulimjua. Yeye Mama alifika nyumba hii mimi sijaweza hata kukaa. Ni yeye aliyemwomba Baba nisiambiwe. Alisema, “Gwi-im aliniita mama, lakini kila mara alifikiri kwanza. Nilitaka mmoja aniite bila kufikiri.”

Kisha akaniomba jambo moja tu: nisimfanye mama wa kambo mbele ya watu. Baba yako mwache awe katili, alisema, huyo amekwisha kufa, haoni haya.

Nilitoka nje nikamkuta Dong-gyu anaiangalia picha ile mara ya tatu. Akaniambia, “Mwongozaji, hii ni dhahabu. Hata ukiuza nyumba hii hupati nyingine.” Ni kweli, ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ukweli hauna jamaa. Nikamwambia aifute. Alidhani ni mzaha. Alipoona uso wangu akaifuta, na Bibi Tak akalia kuliko alivyowahi kulia akilipwa. Jana nimelitoa pia kwenye filamu tukio la sufuria ya uani, kwa sababu sitamwacha Baba asimame kortini kwa kosa la kushindwa kunusa msiba. Mfadhili amepiga simu kuuliza filamu imebaki na nini. Sijui. Nimemwambia aningoje.

Usidhani nimelainika. Wanawake bado wanaungua jikoni, na hilo nitaliandika mpaka kalamu inishinde. Na nimekukasirikia wewe, Dada, jua hivyo. Lakini mwaka huu nakuja kwenye tambiko, na nitaingia chumba cha mbele pamoja na wanaume, si jikoni. Binamu anayeongoza tambiko akinizuia tutapigana palepale mbele ya marehemu. Bakuli la pili nitalibeba mimi.

Nieleze jambo moja kabla ya siku hiyo. Nikishapiga magoti, nimwite nani? Mama ni yule anayenikaripia. Wewe ulikwisha kuanza shule alipokuwa hai, ulimwita asubuhi na jioni. Mimi sikuwahi kumwita.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anasema uvae nguo nzito.

Ni mimi mdogo wako,
Pyo Jeong-im