Vidole Vinne Kila Mita

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa hapa dukani Voi. Mlango nimeufunga nusu, wateja wajue niko lakini sitaki kusumbuliwa. Nina neno na wewe. Limenikaa miaka thelathini na mbili, na ulikufa bila kulisikia kwa sababu kila nilipolianza ulisema, "Wakesho, chai inapoa."

Ni kuhusu Vuria. Ile yoti ya mbao, chombo cha tanga uliyoipata bandarini Kilindini ulipokuwa fundi wa injini, mwenyewe ameitupa ioze. Uliiziba, ukaipaka rangi, ukaipa jina la mlima wetu, kisha ukatuhamishia humo mimi na mama. Watu wa kwetu Werugha walisema umerukwa na akili. Mtu wa ng'ombe na kabichi, ati analala juu ya maji na mke na mtoto! Tuliishi humo miaka mitatu. Chumba cha mita nne kwa mbili na nusu, watu watatu, cherehani ya mama, na ndoo sita za sukuma wiki zilizofungwa nyuma kwa sababu ulikataa kabisa kula mboga ya kununua. Jumapili ulikuwa unaponda kimanga chetu cha mihogo na maharagwe mwenyewe, umetanua miguu usianguke, unaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Mpaka leo nikinusa dizeli na maharagwe pamoja, nageuka kukutafuta.

Kamba ya kupimia kina uliisokota kwa katani uliyoibeba kutoka kwetu. Nailoni ilikuwepo. Ukasema, "Nailoni ni ya watu wasio na kwao." Ukafunga chuma kizito mwishoni, kitambaa chekundu kila mita, fundo kila nusu. Kazi yangu ilikuwa kuitupa majini na kuita namba. Nilikuwa na miaka kumi na niliipenda kazi hiyo kuliko shule.

Tukiwa tumetia nanga Shimoni, nilichukua tepu ya mama ya kushonea nikaipima kamba ikiwa imelowa. Kumbe katani ikilowa hujikunyata. Kila mita ilikuwa imepungua vidole vyangu vinne. Nikakuambia: Baba, kamba hii inasema maji ni mengi kuliko yalivyo. Ukacheka. "Katani ya kwetu haidanganyi. Tepu ya mamako ndiyo imevutwa na viuno vya wateja." Mama akakurushia kipande cha sabuni.

Alfajiri yake tuliondoka kwenda Mtwapa. Sijawahi kuona siku nzuri kama ile. Upepo ulikuwa nyuma yetu, tanga limejaa, na wewe ulikuwa unanionyesha pwani kana kwamba umeipanda wewe. Alasiri tukafika kwenye mlango wa Mtwapa, njia nyembamba, mwamba huku na mwamba huku, na maji ndiyo kwanza yameanza kujaa. Sehemu ya chini kabisa ya Vuria ilikuwa inahitaji mita moja na sentimita tisini.

"Tukipata mbili, tunapita," ulisema.

Nikatupa kamba. Nne. Tatu. Mbili na nusu. Mbili.

"Mbili! Haya, twende!"

"Si mbili, Baba. Toa vidole vinane. Hatupiti."

"Wakesho, ita namba. Usiniletee hesabu."

Mama ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Hakupandisha sauti. "Baba Wakesho, mimi leo namsikiliza mwenye tepu." Akageuza chombo tukarudi nje.

Uliteremsha tanga. Tukayumba pale saa moja na nusu tukingoja maji yajae. Nilitapika mara mbili, na mara zote mbili ulinishika gauni kwa nyuma nisitumbukie. Hukunisemesha, lakini hukuniachia.

Maji yalipojaa tukaingia salama. Hata nanga haijakaa vizuri, wenye boti za jirani wakaanza: "Mzee, ulijuaje kungoja? Pale chini pana jiwe lingewapasua."

"Nilihisi tu," ukajibu. "Mkono wa Mtaita unajua."

Nilihisi tu! Nami nimesimama hapo hapo, kamba inanichuruzikia miguuni. Na tuliporudi Werugha ukaisimulia hadithi hiyo kila Jumapili nje ya kanisa, na kila mara ulihisi. Nilikuwa nahesabu, Baba, unanijua. Jina langu halikutokea hata mara moja.

Labda ndiyo maana nafanya kazi hii. Nauza pampu, napima visima kuanzia Mbololo mpaka Rukanga. Hakuna aliyenishika mkono, duka nimelijenga mwenyewe. Nashusha tepu ya chuma, nasoma maji yako wapi, naandika namba na chini yake jina langu. Sihisi kitu mimi. Napima.

Sasa wiki jana mama alinituma nisafishe stoo yako kwa kuwa bati linavuja. Ndani ya debe nikaikuta kamba. Vitambaa vyekundu haviko mahali pake. Alama ya zamani bado inaonekana kwenye katani, na kitambaa kimeshonwa mbele yake, mbali zaidi na chuma, kwa uzi wa cherehani.

"Mama, nani alivihamisha?"

"Babako. Kesho yake tu baada ya Mtwapa, ulipoenda kuchota maji. Akanikataza nisikuambie."

"Kwa nini?"

"Si unamjua?"

Nikapima. Kutoka alama ya zamani hadi kitambaa cha kwanza ni sentimita tisa. Vidole vyangu vinne vya miaka kumi havikuzidi sita. Yaani uliniamini, Baba, ukaitengeneza kamba yako kwa hesabu yangu, ila kwa vidole vyako, vile vinene vya spana. Nikailoweka kwenye karai nikapima tena. Bado imekosea! Ila sasa inasema maji ni machache kuliko yalivyo. Mtoto anayeita namba kwa kamba hii hawezi kugongeshwa mwamba.

Nilikaa kwenye ule mlango wa stoo nikalia, kisha nikacheka, mama akaniletea chai. Safari hii niliiacha ipoe.

Bado nina kinyongo, usidhani umekwepa. Ungesema neno moja tu pale Mtwapa. Lakini vitambaa nimeviacha ulipoviweka, sitavisahihisha.

Pumzika huko kwenye ukungu wetu. Mimi kuna kisima Rukanga kinaningoja.

Binti yako, mwenye tepu,
Wakesho