Mafuta ya Difu na Kilio cha Chienge

Papa wangu mupendwa,

Unaamuka aje huko Likasi? Na mugongo, unakuacha ulale kidogo? Mama naye, kile kikohozi cha vumbi kimepungua? Sisi hapa Nchelenge, ngambo hii ya Zambia, tuko wazima. Watoto wanasoma, bwana yangu anavuka bado kwenda kisiwa cha Chisenga kununua samaki, na mvua imekwisha kuharibu barabara kama kila mwaka.

Umepiga simu mara nyingi na sikushika. Haikuwa shida ya rezo, mutandao wa simu ulikuwepo. Niliogopa kusikia sauti yako. Barua hii nampa mama mumoja anayevuka ziwa kwenda Kilwa kule Kongo, mpaka kwenu Likasi, na makarai yake ya samaki, sababu nikiandika nitafika mpaka mwisho. Kwenye simu ningesema habari ni nzuri tu.

Unaijua gari yetu, ile kat-kat inayovuta na magurudumu yote manne. Wakati wa mvua bwana yangu aliipitisha kwenye maji mengi, na tangu siku ile difu, ile ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa inalia. Alitaka kuipeleka kwa fundi wa soko. Nikakataa. Nilimwambia, «Mimi mutoto wa fundi, nitalipa mutu abadilishe mafuta?» Alicheka, akaninunulia mafuta mazito na bomba ya kuyatilia, akaenda kisiwani.

Bon. Jirani yetu ni mujane, tunamwita BanaMulenga, ni kusema mama ya Mulenga. Aliuza samaki na Wakongomani miaka mingi, njo maana anasema Kiswahili chetu vizuri. Kaka yake alikufa kule Chienge. Ndiye aliyemulea. Jioni alikuja kulia kwangu, nikamwambia asitafute basi, mazishi ni kesho saa sita, mi mwenyewe nitamupeleka.

Asubuhi alikuja na kifurushi chake, amejifunga kitenge cha kilio. Nikamwambia akae kidogo, nibadilishe kwanza mafuta ya difu ili tusikwame njiani. Wamama wa kanisa walikuwa wamekuja kumufariji. Waliponiona naingia chini ya gari, wakasogea kutazama. Papa, hapo njo nilipotea. Nilianza kuwafundisha kama niko mbele ya darasa: hii ya chini ni buloni, kizibo cha kumwanga mafuta, ile pale juu ni ya kujaza. Nikafungua ya chini. Mafuta yalitoka meupe-meupe kama chai ya maziwa, maji yalikuwa yameingia. Wote wakasema «Ee!» Nilifurahi sana.

Ulikuwa ukiniambia tangu niko mudogo nakushikia taa: fungua ya juu kwanza, ukishindwa utakuwa hujamwanga kitu. Nilikuwa najua. Sikusahau. Nilitaka tu waone mafuta.

Buloni ya juu ilikataa. Kutu ilikuwa imeikamata. Nilitia bomba la chuma kwenye ufunguo wa buloni, nikavuta kwa nguvu zote, ufunguo ukateleza, pembe za buloni zikakwisha zote. Difu iko kavu, na hakuna njia ya kutia mafuta.

Wakati ule ule basi ya Chienge ikapiga honi barabarani. Konda alikuwa anaita watu, nafasi zilikuwepo. BanaMulenga akasimama.

«Mama Beatrisi, nipande hii?»

Na wamama wote wananitazama.

«Acha iende,» nikasema. «Tutaipita njiani.»

Akakaa. Basi ikaenda, na ingine ya kwenda kule haikupita tena siku ile.

Niligonga na nyundo, nilimwanga mafuta ya taa, nilijichuna vidole. Simu ya BanaMulenga ikalia. Alikuwa analia, akanipa nishike. Ilikuwa Kasuba, binti mukubwa wa marehemu.

«Shangazi amefika wapi? Tumefungua sanduku, tunamungojea amuone baba.»

«Tuko njiani,» nikajibu. Nilikuwa nimelala chini ya gari, Papa. BanaMulenga alinisikia. Alinitazama, akachukua simu yake.

Mwisho nilikubali kutuma mutu amwite Ba Kunda, anayechomelea milango. Alichomelea nati juu ya ile buloni, akaizungusha, ikatoka. Nikafunga ya chini, nikajaza mafuta mpaka yakamwangika kwenye tundu la juu, tukaondoka. Niliendesha vibaya kwenye mashimo yale.

Chienge tulikuta watu wananawa mikono. Kijana mumoja alikuwa anafuta udongo kwenye jembe. BanaMulenga alishuka gari ikiwa haijasimama vizuri, akaenda kuanguka juu ya udongo mubichi wa kaburi. Kasuba alimwambia mbele ya watu wote, «Tulikungojea na jua lile. Mulisema muko njiani. Mwili ulikuwa umeanza kuharibika, tukafunga sanduku. Shangazi, uliona nini cha kukuchelewesha?»

Alijibu, «Gari iliharibika.» Basi. Na mimi nilisimama pale, nafuta mafuta kwenye mikono yangu.

Juma iliyofuata BanaMulenga alinishukuru kanisani kwa kumupeleka. Watu wakapiga makofi. Sikuweza kuimba tena. Baada ya ibada nilimufuata nyumbani, nikamwambia yote, buloni, basi, simu.

«Niko najua,» akasema. «Nilikuona unavyotoka jasho. Lakini weye ulisema acha iende, na mi nilikuamini.» Kisha akasema, «Usiniambie mimi. Bale batoto ba kaka yangu banasema sikumupenda baba yao. Enda useme kule.»

Nilienda, Papa, naye akaenda pamoja nami. Nilipiga magoti mbele ya Kasuba na wadogo zake, nikasema. Kasuba alisikia mpaka mwisho. Alimushika shangazi yake, wakalia pamoja muda murefu. Halafu akanigeukia, bila kasirani:

«Lakini kwa nini hukusema tu kwamba umeshindwa?»

Nilibaki nimepiga magoti. Swali lile niko nalo mpaka leo.

Munisalimie Mama, na yaya, dada yangu mukubwa, anayeuza unga pale sokoni, na mudogo wetu wa shule ya uuguzi, asome sana. Musalimie na mwalimu wa kwaya, jirani yenu. Bwana yangu anakutumia samaki wakavu, mama wa Kilwa atawaleta.

Kitu kimoja nakuomba. Najua unawaambia watu wa karakana kwamba binti yako anashika ufunguo kama mwanaume. Kwa sasa wakikuuliza habari zangu, waambie niko muzima. Usinisifu.

Ni mimi mutoto wako,
Beatrisi