Hewa ya Jimu ya Buchumi

Jumatatu, 3 Juni 2013

Jimu, saa kumi na moja jioni. Zamu ya kufuta benchi ilikuwa yangu. Maji na klorini, kabla na baada. Karatasi niliyobandika ukutani mwaka jana bado ipo: futa benchi, njoo na taulo lako, usiteme mate sakafuni, bafuni vaa ndala. Kocha Buchumi aliongeza sharti la tano kwa mwandiko wake: usikate tamaa.

Kazi yake ni kuchomelea mageti. Vyuma vyote amevitengeneza mwenyewe, mabomba yenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Chumba kilikuwa ghala la maharage na mpaka leo ukivuta pumzi ndefu unayasikia. Madirisha manne, yote yamepigiliwa magunia. Kocha anaamini jasho halitoki penye upepo. Sasa ni kiangazi, kuna vumbi na baridi, hakuna wa kumbishia.

Nimejipima kwenye mizani ya maharage. Kilo sitini na moja. Mwezi wa tatu nilikuwa sitini na saba. Shabani mwenye duka la spea anasema nimepata mwanamke wa siri. Kikohozi kinaingia wiki ya nne. Nimewaambia ni vumbi.

Jumatano, 5 Juni

Nimekagua bucha tatu. Kwenye ya pili nilikohoa mpaka nikashika ukuta. Mwenye bucha akasema, "Pole, Bwana Afya. Mganga hajigangi." Nikacheka naye.

Shuka asubuhi lilikuwa limelowa. Najua ni nini. Nafundisha dalili hizi miaka sita, kwanza Singida kwetu, sasa hapa. Sijashtuka. Tangu Februari sishtuki. Basi la kwenda Singida lilikwama siku mbili kwenye tope, hata Nyakanazi halijafika, nikafika nyumbani mama ameshazikwa. Walinionyesha kaburi kama wanavyomwonyesha mgeni choo. Tangu hapo mambo yanapita mbali.

Jimu tu ndiyo naisikia. Chuma kikishuka kifuani nasikia uzito. Basi.

Ijumaa, 7 Juni

Makohozi ya jana na ya leo. Majibu: plasi mbili, vijidudu si vichache. Kifua kikuu. Damu nimepima pia, iko salama.

Sista Edina wa kitengo cha kifua kikuu ni mama mtu mzima wa Bukoba, hana maneno mengi. Aliuliza nakaa na nani. Peke yangu. Kuna chumba kilichofungwa ambamo nakaa na watu muda mrefu? Nikasema hakuna. Uongo mweupe kama karatasi yake. Msimamizi wa kuniangalia nikimeza dawa kila siku? Nikaandika jina la mama mwenye nyumba. Hajui lolote.

Vidonge vinne kabla ya kula. Wiki mbili za kwanza nisikae na watu ndani, madirisha wazi. Alinisomea yote kana kwamba si mimi niliyeandika yale mabango.

Hapa mtu akisema fulani ana kifua kikuu, macho yake yanamalizia sentensi. Huyo ana ule mwingine. Sitaki macho hayo.

Jumamosi, 8 Juni

Mkojo mwekundu. Ni dawa. Nilijua, lakini nilisimama nikautazama.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda jimu. Niandike ukweli maana hakuna atakayesoma. Nyumbani kuna kitanda, meza na picha ya mama. Saa kumi na moja miguu iliondoka yenyewe.

Mke wa Kocha, Jenista, huleta togwa tukimaliza. Ndoo moja, kikombe kimoja. Huku aliyeleta kinywaji huonja kwanza, wote waone hakuna kitu ndani, ndipo kikombe kizunguke. Mwaka jana kwenye masharti yangu kikombe sikukigusa. Nilijua mpaka wangu.

Leo nilitoa changu mfukoni. Cha bluu, cha plastiki. Nikasema tumbo halijatulia. Wanaume kumi na mmoja wanakitazama kikombe. Jenista alinimiminia bila kuniangalia. Mtoto mgongoni kwake, ana miezi mitatu, alikuwa amelala mdomo wazi.

Jumatano, 12 Juni

Shabani hakunisalimia. Aliyekuwa kwenye benchi hakuniita nimshikie chuma.

Mwisho wa mazoezi Kocha alisimama katikati. Kocha hapendi kuhutubia. Alisema, "Bwana Afya, huku kwetu mtu akikataa kikombe amesema kitu. Unatuona sisi walozi? Mke wangu ni mlozi?"

Nikasema hapana, Kocha.

Akachukua kikombe changu cha bluu, kilikuwa nusu, nimeshakinywea. Akakimaliza chote. "Haya. Kama ni sumu, na tufe wote wawili." Watu wakacheka. Shabani akanipiga bega. Yamekwisha.

Kikombe hakiambukizi. Hili naliandika wazi. Kifua kikuu hakikai kwenye kikombe, wala kwenye benchi tunalolisugua kwa klorini. Kimo hewani, kwenye chumba kisichopitisha upepo, na mtu akikohoa ndani yake kwa saa moja. Nilijua nilipokuwa nanunua kile kikombe. Nilinunua kitu cha kunifanya nijione nimefanya jambo.

Nilipotoka Jenista alikuwa ananyonyesha kwenye kiti cha mlangoni. Kwa ndani, kwa sababu ya baridi.

Alhamisi, 13 Juni

Kijijini Mabamba, mkutano wa vyoo. Bibi mmoja aliuliza kuhusu mumewe anayekohoa mwezi wa pili. Nikamjibu vizuri sana. Apimwe. Madirisha yawe wazi. Watoto wadogo wasilale naye. Asifiche, mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nasikiliza sauti yangu kama ya redio ya jirani.

Kurudi nimelala njia nzima kwenye gari la ofisi. Dereva aliacha kioo wazi kwa sababu ya joto la injini. Nilishukuru.

Jumatatu, 17 Juni

Nimewahi jimu. Nikang'oa gunia moja upande wa barabarani. Hewa ikaingia. Kocha alipofika alidhani ni wezi. Nikasema ni mimi, tunahitaji hewa. Akacheka, akachukua nyundo, akalipigilia tena. "Ukitaka upepo nenda uwanja wa mpira."

Hapo ndipo ilikuwa nafasi ya kusema. Niliiona ikipita. Sikuishika.

Jenista hakuja, togwa kaleta jirani. Mtoto anakohoa kidogo. Mafua, alisema Kocha, msimu wa vumbi.

Sikunywa togwa. Hakuna aliyeona.

Jumatano, 19 Juni

Dawa zinageuza hata jasho. Niliponyanyuka kwenye benchi kulikuwa na doa la rangi ya chungwa, umbo la mgongo wangu. Shabani akapiga kelele, "Bwana Afya anajipaka mawese kama chapati!" Wakacheka wote, mimi nikiwemo. Nikasema mawese yanalainisha misuli. Kesho watajipaka wote.

Nimelifuta doa kwa klorini. Nimelifuta kwa bidii.

Nimejichukia leo. Kwa dakika chache tu, halafu ikapita.

Ijumaa, 21 Juni

Wiki mbili zimetimia. Kikohozi kimepungua, nakula. Kwa vitabu, siambukizi tena. Nimekaa kitandani nikipiga hesabu hiyo. Nikinyamaza tu, hakuna atakayejua.

Lakini zile wiki nne kabla ya dawa? Hizo vitabu haviondoi. Na mtoto.

Jumamosi, 22 Juni

Sista Edina kaja nyumbani. Alikuwa anamtafuta msimamizi wangu. Mama mwenye nyumba alimwambia, dawa gani? Nikasikia kupitia ukuta.

Alikuja kusimama uani. Kwenye kamba kulikuwa na fulana yangu ya jimu, madoa ya chungwa mgongoni. Aliitazama muda mrefu. Ameziona fulana za namna hiyo mara nyingi kuliko mimi.

"Kwa Buchumi?"

"Ndiyo."

"Bwana Afya, kadi ya mtoto wa Buchumi iko kliniki yetu. Ana miezi mitatu." Halafu akasema, bila hasira, "Utawaambia wewe mpaka Jumatatu, au Jumanne naenda mimi na daftari."

Ningependa angepiga kelele.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda kanisani. Nimefua. Nimepiga pasi shati la kazi, kisha nikalipiga tena.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemwambia.

Nilikwenda saa tisa, kabla ya watu. Alikuwa anachomelea geti nje ya ghala, miwani usoni. Nilingoja azime moto. Nikasema kifua kikuu, nimekuwa nacho tangu mwezi wa nne au wa tano, dawa nimeanza tarehe saba, nimekuja humu siku zote hizo.

Aliinua miwani. Swali lake la kwanza: "Mtoto?"

Nikasema apimwe kesho. Wote wapimwe.

Swali la pili: "Na kikombe?"

Nikamwambia kikombe hakikuwa na neno. Kwamba ni hewa. Kwamba nilijua ni hewa.

Alifikiri. Kocha ni mtu wa kufikiri polepole, unaona wazo likipita usoni. Akasema, "Kwa hiyo mimi nilikunywa kile kikombe mbele za watu nikutetee, na wewe unajua ni hewa."

"Ndiyo."

Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa. Aliingia ndani na nyundo, akageuza upande wa kung'olea misumari. Gunia la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Vumbi la maharage la miaka mingi likamwagika, jua likaingia mpaka kwenye ile karatasi yangu. Watu walipofika walikuta madirisha wazi na Kocha amekaa sakafuni. Aliwaambia yeye. Mimi nilisimama barabarani. Shabani alinipita ameziba pua na mdomo kwa kiganja.

Sikusikia aibu. Nilingoja ije. Nilipofika nyumbani nilitapika.

Ijumaa, 28 Juni

Majibu. Watu wazima wote makohozi safi. Shabani arudi baada ya miezi miwili kwa sababu ana kikohozi cha sigara. Mtoto kapigwa picha ya kifua. Safi. Ila ni mdogo na alikaa karibu nami, kwa hiyo atapewa dawa ya kinga kila siku, miezi sita. Nusu kidonge. Sista Edina alinieleza kwenye korido akiwa anatembea.

Miezi sita. Mimi pia miezi sita. Nilitaka kusema nashukuru Mungu. Nikasema sawa.

Jumatatu, 1 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi mlango umegongwa. Kocha. Koti la kazini, mikono mfukoni.

"Mwakeye." Jina langu la ukoo, si Bwana Afya tena, kwa sauti ya ofisini. "Sista ameniandika mimi msimamizi wako. Niliomba."

Nikaleta maji. Nikameza vinne, kimoja kimoja. Akasema, "Fungua mdomo." Nikafungua. Akachungulia chini ya ulimi, kushoto, kulia, kama anakagua kazi ya fundi mwingine. Akaondoka.

Hanisadiki. Ana haki.

Jumanne, 9 Julai

Kocha, saa kumi na mbili. Nimemeza. Mdomo. Kaondoka.

Ofisini wanajua. Mhudumu wa chai huniwekea chai mlangoni. Naichukua.

Alhamisi, 18 Julai

Kocha. Mvua ya ajabu, si msimu wake. Alikuja hivyo hivyo, amelowa. Nikasema ingia. Akasema hapana, akasubiri chini ya paa. Nimemeza.

Kilo sitini na tano, mizani ya hospitali. Sista Edina anasema sasa naweza kurudi mazoezini, hakuna tatizo. Sijarudi. Nilipita barabarani jana. Vyuma vinalia, madirisha wazi, watoto wamepanda mawe wanachungulia. Walikuwa watano tu ndani. Wengine wameogopa.

Jumapili, 28 Julai

Kocha huja hata Jumapili. Kabla ya misa yao ya kwanza. Nimemeza.

Leo nilisema samahani. Mara ya kwanza kulitamka. Alikuwa ameshageuka. Alisimama kidogo, mgongo kwangu, halafu akaenda.

Jumatatu, 5 Agosti

Kocha alichelewa. Saa moja kasoro. Nilikuwa nimeshamimina maji, nimekaa na vidonge mkononi, sikumeza. Ningeweza kumeza. Sikutaka kumeza bila yeye.

Nimemeza. Nikafungua mdomo. Hakuangalia. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Mtoto anaitema," akasema. "Siku ya tatu leo. Jenista analia. Tunasaga na maji, anaitema yote. Wewe unajua zinavyopewa."

Nilimwambia asisage na maji. Maziwa ya mama, kijiko kimoja tu, na aiweke pembeni ya shavu, si juu ya ulimi, kidogo kidogo, kichwa kimeinuka. Alirudia maneno yangu, akakwama kwenye shavu. Akasema, "Twende ukamwonyeshe."

Nikafunga mlango, tukaenda. Kwao ni nyuma ya mashine ya kusaga. Nilisimama mlangoni. Hakuna aliyesema ingia, sikuingia. Jenista alikaa ndani kwenye mkeka, mtoto mapajani, amemgeuza uso asielekee mlangoni. Nilimwelekeza kutoka pale nje: kamua kwanza, saga, changanya. Inua kichwa. Shavu la kulia. Ngoja. Sasa tena kidogo. Kijiko kikaisha. Tukangoja wote watatu. Mtoto alikunja uso, akameza.

Jenista hakunitazama. Alimpangusa mtoto kidevu kwa ncha ya kanga.

Kocha alinisindikiza hadi barabarani. Akasema kesho nije saa kumi na mbili na nusu, nimezee hapo kwao, maana dawa zangu na za mtoto zitamezwa wakati mmoja. Nikasema sawa, Kocha.

Nililia kidogo njiani, karibu na soko. Nikanawa uso bombani, nikaenda kazini.