Wino wa Bibi Umemwagwa Njombe

Kwa Fundi Alois,
Nyuma ya Stesheni,
Makambako.
2 Agosti 1993

Mpendwa Dada Eufrasia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote hapo Newala, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kila ukipanda ngazi za kanisani. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kinachotutesa ni baridi tu. Mwaka huu barafu imeunguza viazi vya watu, na mume wangu Alois analala na koti na soksi. Ukimwona utadhani gunia la mbolea limelazwa kitandani.

Skola wangu ameingia darasa la nne na anasoma vizuri, ila maandishi yake ni kama ya kuku. Gereji ya Alois inakwenda. Tangu mambo yawe ruksa, magari ya watu binafsi yamejaa hapa Makambako, tena mengi mabovu, kwa hiyo tunakula.

Sasa dada, tafuta mahali ukae. Nina habari mbili. Moja itakufurahisha na nyingine sijui utaipokeaje, maana inahusu ile chupa uliyonikabidhi siku naondoka nyumbani. Naanza na ya furaha, ili ukifika kwenye ya pili uwe umeshacheka kidogo.

Unajua kazi yangu. Natoboa masikio, nachora watu tatuu kwa sindano, madereva na utingo ndio wateja wangu wakubwa. Huyu anataka jina la mama yake, yule anataka simba, na simba wangu wote, nakiri, wanafanana na mbwa. Mwezi uliopita yakatangazwa maonyesho ya mafundi wadogo pale Njombe mjini, siku tatu. Washonaji, wahunzi, wafinyanzi, kila mtu na kibanda chake. Na sisi mafundi wa ngozi tukajiandikisha. Tulikuwa sita, wengine wametoka mpaka Songea na Mbeya.

Tulipofika tukamkuta Bwana Afya, anaitwa Hezekia, amekunja uso. Akasema sisi hatuna kibanda. Ugonjwa wa siku hizi unaujua, dada. Hapa mtaani kwetu tumezika watatu tangu Pasaka, na Bwana Afya alisema hawezi kuwapa watu ruhusa ya kuchomana sindano moja hadharani. Wenzangu wakaanza kufunga mizigo. Mimi nikabishana naye. Unanijua, mdomo wangu Mungu aliuweka bila breki. Nikamwambia ukitufukuza hapa tutachora vichochoroni, na huko hutatuona.

Akanitazama, halafu akasema vizuri, kitakuwepo kibanda kimoja, na mchoraji mmoja, wewe mwenye maneno. Siku tatu. Usipokosea, mafundi wote sita mtapata vibali. Ukikosea mara moja tu, nafunga kibanda, na kazi hiyo isionekane tena wilaya hii. Basi dada, mkate wa watu sita ukawa juu ya mikono yangu miwili, na wenzangu watano wakakaa nyuma yangu kwenye benchi wakinitazama kama mahakimu.

Msimamizi wangu akawa Mama Fidelia. Huyu ni muuguzi mstaafu, Mbena wa Kichiwa, Mlutheri, alifanya kazi hospitali ya Bulongwa miaka mingi. Mwembamba, umri wake sitini na moja, kitambaa cheupe kichwani, na macho yake hayapitwi na kitu. Alifika saa moja asubuhi, akanisalimu kwa Kibena, "Kamwene", akaomba aone mikono yangu. Sikuwa nimemwonyesha mtu kucha zangu tangu niko darasa la pili! Akazikata mwenyewe.

Nilidhani mimi msafi. Dada, sikuwa najua kitu. Sindano zote zikachemshwa nusu saa kwa saa yake ya mkononi, na kila mteja sindano yake. Akishamaliza, sindano inatumbukizwa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, haitoki tena. Mikono naosha kwa sabuni, nakausha, navaa mipira ya mikononi ya hospitali. Nikijikuna kichwa, mipira inavuliwa, naosha tena, navaa mingine. Siku ya kwanza nilijikuna mara nne. Hela sishiki, mteja anaitia mwenyewe kwenye kikapu.

Kilichonishinda kuliko vyote ni kupuliza. Wewe unakumbuka, ukishachoma unapuliza ngozi ili mtu asisikie ukali. Mama Fidelia akanifinya ubavuni. "Mwanangu, hayo mate yako amekuomba nani?" Wenzangu wa benchi wakacheka mpaka mmoja akaanguka. Kila nilipotaka kupuliza nikawa naimba, ndiyo maana watu wa Njombe sasa wanadhani sisi Wamakonde huwachora watu kwa nyimbo.

Halafu tukafika kwenye wino. Nikatoa chupa yetu kwenye kanga. Akauliza wino huu ni wa lini. Nikamweleza ukweli wote, kwamba Bibi yetu alikuwa mchanjaji wa nembo, zile chale za Kimakonde za mwilini, kwamba alipofariki dada yangu alichukua masizi ya mbegu za mbarika aliyoyaacha akayatia kwenye chupa hii, na tangu hapo haijawahi kuisha. Kabla haijafika nusu tunaongeza mengine, ili ya Bibi yawemo siku zote. Nikasema kwa majivuno kabisa. Yeye akauliza, "Na sindano mnachovya humo humo?" Nikasema ndiyo, tuchovye wapi?

Alitaka imwagwe palepale. Nililia, dada, sikuficha. Mtu mzima na mipira mikononi, siwezi hata kujifuta machozi. Akanihurumia. Akasema tutauchemsha kwenye sufuria mara hii moja, na chupa pia. Kuanzia hapo unamimina matone kwenye chombo kidogo, kila mtu chake, na kinachobaki kinatupwa. Lakini sindano iliyogusa damu ikiingia kwenye chupa, wino unamwagwa, hakuna kuchemsha tena. Tukakubaliana hivyo. Wino wa Bibi ukatokota nusu saa kama maharage, na mimi nimesimama juu yake nikimwomba Bibi radhi.

Chombo kidogo tukakosa. Alois, aliyekuja kunibebea mizigo, ndiye aliyefikiria vizibo vya soda. Akaenda kwenye mabaa yote ya Njombe akarudi na nusu gunia, ananuka pombe. Mama Fidelia akamtazama, akaniuliza kwa upole kama mume wangu amezinywa zote peke yake. Vizibo tukaving'oa plastiki ya ndani, tukavichemsha, vikawa vizuri sana. Mteja mmoja, kizibo kimoja.

Siku ya kwanza na ya pili mambo yakawa mazuri kupita kiasi. Baridi ile ilisimamisha watu vinyweleo, na ngozi ya namna hiyo huwezi kuichora, kwa hiyo tuliwaotesha moto wa jiko kwanza kama kuku wa kuchoma. Watu walipenda kutazama sufuria inavyochemka kuliko hata michoro. Akina mama wa Lupembe walioleta chai yao kwenye maonyesho waliacha meza zao wakaja kuuliza kwa nini hili, kwa nini lile, na Mama Fidelia anawajibu. Bwana Afya alipita mara tatu kwa siku, haoni kosa. Nilianza kujisikia mganga mkuu.

Sasa dada ndiyo tumefika.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Kitini alikaa Benno, utingo wa Ludewa, anataka neno MAMA mkononi. Mama Fidelia alikuwa amekwenda kuchota maji. Wenzangu wa benchi walikuwa wanabishana habari za mpira. Nilikuwa nimebakiza mguu wa ile A ya mwisho, kizibo kikakauka. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Miaka kumi na miwili ya kuchovya, dada. Sindano ya Benno ikaingia kwenye chupa na kutoka kabla kichwa changu hakijajua.

Hakuna aliyeona. Hata Benno alikuwa amefumba macho kwa maumivu, ingawa alikuwa amewaambia watu kwamba hasikii kitu. Ilikuwa imebaki saa mbili tu maonyesho yafungwe. Nikisema, Bibi anamwagwa, na wenzangu watano wanarudi kwao mikono mitupu kwa kosa langu. Nikinyamaza, mbele yangu wamesimama watu saba, na wa kwanza ni msichana, kama Skola wetu atakavyokuwa akishakua, amekunja mkono wa sweta tayari. Aliniamkia. Nikamjibu marahaba, na hapo nikajua siwezi.

Nikaweka sindano kwenye kopo, A ya Benno ikabaki na mguu mmoja. Mama Fidelia aliporudi na ndoo nikamwambia, kwa sauti, kila mtu akasikia. Nikasema nimechovya. Hakunigombeza. Alitua ndoo, akasema neno moja, "Mwaga."

Nikaenda mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya vibanda, nikaumimina wino. Haukuwa mwingi. Nilidhani itachukua muda, lakini ulikwisha mara moja tu. Nililia tena, na safari hii nilikuwa nimeshavua mipira, nikalia kwa raha zangu.

Niliporudi Bwana Afya ameshafika, ameshaambiwa, ametoa karatasi yake. Akasema tulipatana kosa moja tu. Wenzangu wameinamisha vichwa. Ndipo Mama Fidelia akamsogelea, yeye anamfika begani tu, akamwambia: "Hezekia, kosa hili umeliona wewe?" Akasema hapana. "Mimi sikuliona. Wale kwenye benchi hawakuliona. Ameliona yeye, akalisema, akamwaga. Ukimfungia huyu, utawapa kibali akina nani? Wanaojua kunyamaza?"

Kisha Mama Fidelia akanigeukia akauliza, kutoboa masikio kunahitaji wino? Nikasema hakuhitaji. Basi akavua kitambaa chake kichwani, akakikunja vizuri akakiweka mapajani, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekalia Benno.

Dada, masikio yake ni mazima! Miaka sitini na moja, hayana hata alama. Akasema alipokuwa msichana baba yake alikuwa mwinjilisti mkali, mapambo ni dhambi. Akaolewa, akazaa sita, akastaafu, hajathubutu. "Siku tatu nimekaa hapa nakukagua," akasema, "na siku tatu nayatamani. Kaoshe mikono."

Nikaosha. Nilikumbuka mara ya kwanza uliponipa sindano wewe. Sindano mpya, uzi uliochemshwa, spiriti, pamba. Kushoto, kulia. Hakushtuka hata kidogo, ila machozi mawili yalimtoka, na alipojitazama kwenye kioo alicheka kama msichana. Vigelegele vilipigwa mpaka wahunzi wakaacha nyundo zao. Yule msichana wa sweta akasema basi na mimi masikio. Halafu akina mama wa Lupembe, mmoja mmoja, na bibi mmoja mkubwa kuliko Mama Fidelia. Nilitoboa masikio ya watu kumi na tisa mpaka jua lilipozama, na Bwana Afya ndiye aliyekuwa anapanga foleni.

Vibali tumepata, dada. Vyote sita. Tena Bwana Afya ameniomba niwafundishe wachoraji wengine wa Makambako mambo ya vizibo na sufuria. Mimi, mwalimu! Alois anapika ugali usiku huu kwa heshima yangu, na umeungua.

Na habari ya pili nimeshaisema ndani ya ile ya kwanza, kwa woga wangu. Wino wa Bibi haupo. Nisamehe, dada yangu. Najua uliuweka kwa machozi.

Lakini ngoja nikumalizie. Wakati tunakusanya vitu, Mama Fidelia, na nyuzi zake masikioni, alikuwa ananisaidia kuokota vizibo vilivyotumika. Akaniuliza, kabla ya chupa, bibi yenu alikuwa anaweka wapi wino wake? Nikafungua mdomo nimjibu, nikakitazama kizibo mkononi. Nimekumbuka, dada, na wewe ukumbuke. Tulipopanga mstari uani siku ile ya nembo, wewe mbele, mimi nyuma yako, binamu zetu nyuma yangu. Bibi alikuwa anachuma jani la mgomba, anakata vipande, anatia masizi kidogo kidogo. Kila msichana na jani lake. Akishamaliza, anamwambia, tupa jani lako mwanangu, la mwenzako si lako.

Chupa ni yetu sisi, dada. Bibi hakuwahi kuwa na chupa.

Kwa hiyo naomba usikasirike, na naomba unitumie mbegu za mbarika kutoka uani kwa Bibi, nizichome mwenyewe. Mtu yeyote anayekuja huku na lori mpe, atafikisha. Na wewe, ukiwachora watoto wa hapo, nakusihi, rudi kwenye jani. Nimekutumia sindano mpya dazeni mbili na vizibo mia. Alois anaapa kwamba hakunywa hata moja.

Nisalimie shemeji, Mama mdogo Rufina, na binamu zetu wote wenye nembo na wasio nazo. Mbusu mtoto mchanga ambaye sijamwona. Mungu awafunike kwa mkono wake, mikono yake haihitaji kuchemshwa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, kucha fupi, mikono safi,

Dorosela