Sekunde Kumi na Nne

Dada yangu,

Mimi mzima, ila paa la chumba linavuja, nasogeza meza kila mvua ikinyesha.

Yale mahojiano niliyokufanyia kwa simu, ya kujifunzia utafiti wa uzamivu, mwalimu wa mbinu kanirudishia. Nilipokuuliza kwa nini uliacha shule darasa la sita, niliandika, "Hakujibu." Kaniambia nisikilize tena, nipime hata kimya.

Nimepima. Ulinyamaza sekunde kumi na nne, halafu ukauliza, "Umekula lakini?" Nikacheka, nikarukia swali lingine.

Mama alituambia shule ilikushinda. Lakini mwaka ule ule ulipoacha wewe, ndipo nilipoanza mimi darasa la kwanza.

"Hakujibu" nimeifuta, dada. Asiyejibu nilikuwa mimi. Ndiyo, nimekula.

Mdogo wako